Tani Tatu za Mheshimiwa Waziri

Haya ninayoyaeleza hayakutokea hapa kwetu. Yalitokea katika nchi nyingine, mbali sana, na jina lake silitaji. Mtu akinishika na kuniuliza ni nchi gani itabidi niape, na kiapo cha uongo sikiwezi, Mungu ananiona. Kwa hiyo asiniulize. Wanawake waliomo humu nao ni wa hukohuko. Nikisema "sisi", ni kwa kufupisha maneno tu.

Basi katika nchi hiyo palikuwa na Waziri wa Hazina, Mizani na Maendeleo ya Magurudumu, Mheshimiwa Daktari Mapana. Udaktari wake haukuwa wa kutibu watu, na watu walishukuru. Siku moja alisimama bungeni akasoma Sheria ya Nafuu ya Magari Mazito ya Kazi. Tulimsikiliza redioni, machimboni, nyundo tumezilaza chini kwa heshima.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "serikali yenu sikivu imemtazama mnyonge. Imemtazama asubuhi, imemtazama jioni, na katika kumtazama kote huko imegundua kwamba mnyonge hubeba vitu vizito. Kuanzia leo, gari lolote linalofanya biashara, lenye uzito wa tani tatu kwenda juu, gharama yote ya kulinunua itaondolewa kwenye kodi ya mwenyewe. Na kama kodi yake ni ndogo, haitoshi kuondolewa, serikali itamwongezea ili naye apate cha kuondolewa."

Makofi yalipigwa mpaka redio yetu ikakwama, tukaigonga ndipo ikaendelea. Mbunge mmoja, ambaye siku hizi ni balozi katika kisiwa kisichokaliwa na watu, akauliza hilo pengo la kodi litazibwa na nani.

"Na magari mepesi!" akajibu Mheshimiwa. "Gari jepesi halina mzigo. Basi libebe kodi."

Makofi tena.

Sisi tulifurahi. Tulifurahi kweli, siwezi kudanganya. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, wengi wetu wajane, tunaponda kokoto katika machimbo ya Jiwe Jekundu, na tulikuwa na lori. Lori lenyewe lilikuwa la zamani, la rangi ambayo hapo mwanzo huenda ilikuwa bluu. Tulilinunua kwa miaka tisa ya nyundo. Dereva alikuwa mwenzetu Siwatu binti Mkadara, mwanamke mrefu, mpole, asiyependa kurudia neno. Kabla ya lori tulikuwa tunauza kokoto kwa mchuuzi mmoja aliyekuja na ndoo yake mwenyewe ya kupimia. Ndoo hiyo sijui ilifuliwa wapi. Ungeimwagia mlima isingejaa. Lori ndilo lililotutoa katika ndoo ile. Tulipakia wenyewe, Siwatu akapeleka mpaka kwa mjenzi, tukauza kwa bei ya watu.

"Sasa na sisi tumetazamwa," alisema Bi Nyamizi, mkubwa wetu kwa umri na kwa mdomo. "Nilikuwa nawashwa mgongoni wiki nzima. Kumbe ni serikali inanitazama."

Haikupita wiki, likapanda shangingi. Asiyejua shangingi, ni gari la wakubwa, jeusi, vioo vyeusi, ndani baridi kama chumba cha maiti. Likasimama katikati ya vumbi letu. Akashuka dereva, kijana nadhifu, akasema anaitwa Shomari na ni dereva wa Mheshimiwa Waziri.

"Shikamooni akina mama."

"Marahaba."

"Naomba kokoto."

"Lori ngapi?" aliuliza Siwatu.

"Humu humu." Akafungua mlango wa nyuma.

Tukatazama ndani. Viti vya ngozi, zulia, friji ndogo.

"Baba," akasema Bi Nyamizi, "unataka tumwage kokoto juu ya zulia?"

"Limepimwa, mama. Tani mbili na kilo mia sita. Halijafika kwenye sheria. Mheshimiwa amesema lifike. Ila tafadhali msizitupe, ziwekeni polepole. Hiyo ngozi ni ya ng'ombe wa Ulaya."

"Basi mwambie avumilie. Wa hapa wanavumilia."

Tulipakia kwa makarai. Shangingi likakaa chini kama kuku anayetaga, likaondoka. Kesho yake yakaja matatu. Wiki iliyofuata ilikuwa foleni mpaka barabarani. Alikuja jaji, akaja mkuu wa polisi, akaja mkurugenzi wa barabara, ambaye aliyumba kwenye mashimo njia nzima na kutuuliza ni nani anayehusika nayo. Akaja pia mtu wa dini, wa dini gani sitasema, akaomba kokoto zake zioshwe kwanza. Wote walikuwa na haraka, kwa maana wote walikuwa wanyonge kuanzia siku sheria iliposomwa.

Kisha ofisi ya mizani ikatoa waraka. Waraka ulisema kokoto za kumwagwa ni mzigo, na mzigo si gari. Kinachohesabiwa ni kile tu kilichoshikamana na gari. Tukadhani mchezo umekwisha. Kumbe wakubwa walikuwa na mafundi. Mafundi wakachanganya kokoto zetu na saruji, wakamwaga zege ndani ya mashangingi, chini ya viti, mpaka likashikamana. Hapo ikawa si mzigo tena. Ikawa gari.

Likabaki suala la biashara, kwa sababu sheria ilitaka gari lifanye biashara. Mheshimiwa Waziri akawa mfanyabiashara wa mayai. Trei moja la mayai liliwekwa kiti cha nyuma, likafungwa mkanda. Mayai thelathini. Hayakuuzwa, kwa sababu yakiuzwa biashara itakuwa imekwisha. Tuliyaona mwezi wa kwanza, tukayaona mwezi wa tatu, na kufikia mwezi wa tano tulikuwa tunaijua biashara hiyo kabla gari halijafika, kwa pua.

Bi Nyamizi ndiye aliyesema: "Siwatu, na sisi tulimwagie zege lori letu. Saruji mfuko mmoja, kokoto si zetu?"

Siwatu akamtazama. "Nikilijaza zege, kokoto za kuuza nitabeba wapi? Kichwani?"

"Si kidogo tu, la kuongeza uzito."

"Na kupunja mizani ni dhambi, Bi Nyamizi. Tutalipeleka kama lilivyo. Lori ni lori."

Tukalipeleka kama lilivyo.

Ofisi ya mizani iko njiani hapohapo, chini kidogo ya machimbo yetu. Karani wake ni Bwana Kondo. Bwana Kondo si mtu mbaya. Kila aliyewahi kutudhulumu kule alikuwa si mtu mbaya. Ana kalamu nne mfukoni, na muhuri hutembea nao, hata harusini.

Siwatu akapandisha lori kwenye mzani likiwa limejaa kokoto. Tani tano na zaidi.

"Shusha mzigo," akasema Bwana Kondo.

Tukashusha, kwa mikono, kumi na wawili.

"Na turubai."

"Turubai ni la lori," akasema Siwatu.

"Limeshikamana?"

"Linafungwa kamba."

"Kilichofungwa kinafunguliwa. Toa."

Tukatoa turubai. Tukatoa jeki na sururu. Akatuambia tutoe tairi la akiba.

"Bwana Kondo, hata tairi?"

"Tairi lisilozunguka ni mzigo, mama. Mimi sikuandika sheria." Akainama, akachungulia chini. "Na tope hili si la gari. Ni la serikali."

Tukakwangua tope. Akafungua vioo vya pembeni akavipeleka ofisini kwake, kwa kuwa vilikuwa vya gari jingine, na kweli vilikuwa vya gari jingine. Mwisho akataka mafuta yapungue. Mafuta huisha, alisema, na serikali haipimi kitu kinachoisha. Yakanyonywa kwa mpira. Akasoma mzani.

"Tani mbili, kilo mia tisa themanini na tisa. Pole, Bi Siwatu. Zimepungua kilo kumi na moja."

"Ngoja nipande mimi. Mimi nina kilo sitini na mbili, nilipimwa kliniki juzi."

"Dereva si gari."

Wakati huohuo likaingia shangingi la Mheshimiwa kwa ajili ya kupimwa upya. Tukaambiwa tusogee. Likapanda mzani na zege lake, na Shomari kwenye usukani, na mlinzi, na Mheshimiwa mwenyewe, na mke wa Mheshimiwa, na mayai. Bwana Kondo akasoma, akaandika, akapiga muhuri, akainama.

Siwatu akasubiri mpaka limeondoka. "Mbona yule amepimwa na watu wake?"

"Wale si watu. Ni vifaa vya kazi."

"Kazi gani?"

"Mayai."

Akatupa karatasi. Juu imeandikwa HATI YA WEPESI. Ilisema lori letu ni jepesi, na haliruhusiwi kubeba, kuvuta wala kusukuma kitu chochote kizito mpaka tulipe fungu letu la pengo la kodi. Tusipolipa kwa siku kumi na nne, litapigwa mnada. Fungu lenyewe lilikuwa kubwa kuliko bei ya lori. Siwatu akaikunja hati, akaifunga kwenye pindo la khanga. Lori likabaki uani mwa ofisi, tukarudi machimboni kwa miguu, kila mmoja na kipande cha lori mkononi. Mimi nilibeba jeki.

Siku ya pili mchuuzi akaja na ndoo yake. Alitusalimu vizuri sana. Alituuliza habari za watoto. Kisha akaiweka ndoo chini mbele yetu, taratibu, kama mtu anayemrudisha mgonjwa nyumbani.

Tuliandika barua kwa Mheshimiwa, tukajibiwa kwamba barua yetu haikufikia uzito unaotakiwa. Tulikwenda ofisini kwake, tukaonyeshwa picha yake ukutani, tukaambiwa tuzungumze nayo, wengi huridhika. Bi Nyamizi alizungumza nayo. Akatolewa nje na askari wawili. Mimi kila alfajiri nilimwombea Mheshimiwa dua. Maneno ya dua yenyewe siyaandiki hapa.

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Waziri anakuja machimbo ya Jiwe Jekundu kuwapongeza wanawake. Kwa mujibu wa takwimu, uchumi wa kokoto ulikuwa umepanda mara saba tangu sheria ile itungwe, na hakuna aliyejua nani anajenga nini, ila ulikuwa umepanda. Tukaambiwa tuvae khanga zinazofanana. Tulivaa tulizokuwa nazo. Tukakaa juu ya kokoto zetu, tukangoja.

Msafara ulikuwa wa mashangingi saba. Kutoka juu tuliyaona yakianza kupanda kilima, meusi, yamekaa chini kabisa, yanatambaa. La Mheshimiwa lilitangulia. Lilipita daraja dogo, likaanza mwinuko, na hapo mahali ambapo njia ni nyembamba, mlima huku na korongo huku, tukasikia mlio kama mti unaokatika. Ekseli. Shangingi likalala upande mmoja, likanyamaza.

La pili likafunga mnyororo kwa nyuma, likajaribu kulivuta kulirudisha. Harufu ya klachi ilifika mpaka tulipokaa. La tatu likafunga mnyororo kwenye la pili, nalo likaungua. Yaliyobaki hayakujaribu. Jua lilikuwa limepanda. Injini ikizimwa, ule ubaridi wa mle ndani nao huzima, tukaona kioo cheusi kikishuka na uso wa Mheshimiwa ukitokeza, umeiva.

Watu wa mtaa walishaanza kujaa. Huko hakuna sinema.

Bwana Kondo akaitwa. Lori letu lilikuwa uani kwake, juu kidogo ya pale gari lilipokwama, na lori lile lilizaliwa kwa kuvuta. Akaleta askari, wakajaribu kuliwasha. Gari la zamani lina mkono wake. Wakapiga teke, wakaomba, wakasukuma, likakohoa mara moja likanyamaza. Ndipo Bwana Kondo akapanda machimboni anahema, kalamu zote nne zimeelekea upande mmoja.

"Bi Siwatu, serikali inakuhitaji."

"Serikali gani?"

"Ile iliyokwama."

Siwatu hakuinuka. Akafungua pindo la khanga, akatoa hati. "Nisomee hii, mwanangu. Macho yangu leo yana vumbi."

Akasoma. Alipofika "kubeba, kuvuta wala kusukuma", sauti ikapungua.

"Kuvuta je?" aliuliza Siwatu.

"Hairuhusiwi."

"Kuvuta kitu gani?"

"Kizito."

"Na gari la Mheshimiwa ni zito au jepesi?"

Bwana Kondo akatazama mbinguni, akatazama viatu vyake. "Ni zito. Nililipima mwenyewe."

"Basi ndiyo hivyo, Bwana Kondo. Mimi ni mtu wa sheria."

Akashuka mbio, akapanda tena mbio, akasema Mheshimiwa anamwita yeye mwenyewe. Siwatu akainuka. Na sisi tukainuka, kumi na mmoja, nyundo mkononi kwa sababu tulisahau kuziacha. Mlinzi alipotuona akasogea karibu na gari.

"Mama," akasema Mheshimiwa dirishani, kwa ile sauti yake ya bungeni, "wewe ni mzalendo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Unaipenda nchi yako?"

"Naipenda."

"Basi vuta."

"Lori langu ni jepesi, Mheshimiwa. Nikivuta nitavunja sheria yako."

"Mimi ndiye niliyeitunga, mimi nakuruhusu."

"Kwa mdomo?"

Bi Nyamizi akaingilia: "Mdomo wa Mheshimiwa tunauheshimu sana. Tatizo hauna muhuri."

Watu wakacheka, na Mheshimiwa akawasikia. Akamgeukia karani. "Kondo! Acha upuuzi. Andika kwamba gari langu ni jepesi, huyu mama avute, twende."

Bwana Kondo akatoa kalamu moja. "Naweza kuandika, Mheshimiwa. Ila likiwa jepesi litaingia kwenye mnada wa kesho. Na utadaiwa ile nafuu yote. Ni kifungu cha tisa. Umekitunga vizuri sana."

"Basi punguza uzito, watu washushe, washushe kitu!"

Shomari akakohoa. "Ni zege, Mheshimiwa. Haliwezi kushuka. Na wananchi wanatazama."

Mayai yalikuwa yananuka. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti ni nani amefariki.

"Kuna njia moja," akasema Siwatu. "Liandikwe lori langu ni zito. Basi litakuwa na ruhusa ya kuvuta zito mwenzake."

"Andika!" akasema Mheshimiwa.

"Niandike ngapi?" aliuliza Bwana Kondo.

"Ngapi yoyote! Kumi! Ishirini!"

"Hapana," akasema Siwatu. "Uzito wa uongo siutaki kwenye lori langu, tunalo la kujibu mbele ya Mungu. Andika ulichopima. Tani mbili, kilo mia tisa themanini na tisa."

"Haifiki, Bi Siwatu."

"Ongeza mimi. Sitini na mbili. Kama mlinzi wa mayai ni kifaa cha kazi, na mimi ni kifaa cha kazi."

Bwana Kondo akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa anajipepea kwa hotuba yake. Akapunga mkono. Bwana Kondo akajumlisha, akarudia kujumlisha, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu ofisi ile ijengwe kuandika namba ya kweli: tani tatu na kilo hamsini na moja. Akaandika kwamba lori ni zito, ni la kazi, lina nafuu kamili, halidaiwi pengo na halitapigwa mnada. Siwatu akasema aandike na tarehe. Akaandika. Akasema asome kwa sauti watu wasikie. Akasoma. Mheshimiwa akatia saini akiwa ameiweka hati juu ya trei la mayai, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa bapa. Bwana Kondo akaupumulia muhuri, akaupiga.

Siwatu akapuliza wino mpaka ukakauka. Kisha akamwambia karani arudishe mafuta.

"Na vioo?"

"Vioo baadaye. Mheshimiwa anaungua."

Aliliwasha mara moja. Alifungua boneti, akaweka mkono mahali anapopajua yeye, akasema bismillahi, likanguruma. Akalishusha kinyumenyume mpaka mbele ya shangingi. Hapo ndipo Shomari, aliyelala chini kutafuta pa kufungia mnyororo, akainuka na vumbi usoni.

"Ndoano ya chasisi haipo. Imezikwa kwenye zege."

"Funga kwenye bodi," akasema Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, fundi alipomwaga zege alikata sakafu yote, na boliti za bodi alizitoa ili apate nafasi. Sina hakika na bodi."

"Nimesema funga!"

Siwatu akashuka, akaja dirishani. "Mheshimiwa, ingekuwa vizuri ushuke kwanza, usimame pembeni."

"Nishuke?" Akaitazama halaiki. "Mbele ya wananchi? Mama, kiongozi hashuki. Endesha."

"Haya," akasema Siwatu. Akapanda, akaweka gia ya kwanza.

Mnyororo ukakaza. Lori likatikisika, likatoa moshi mweusi, likasogea. Shangingi likalia. Halafu bodi lote, paa, milango, vioo vyeusi na bendera yake, likanyanyuka taratibu kama kawa ya kufunikia chakula inavyonyanyuliwa juu ya sinia, likaenda na lori. Njiani pakabaki sinia. Lilikuwa zege, la kijivu, kubwa, limekaa juu ya magurudumu yaliyopinda. Katikati yake alikaa Mheshimiwa Daktari Mapana, mkanda kifuani, hotuba mkononi, na pembeni yake mayai, nayo mkanda kifuani. Mlinzi aliyekuwa ameshika kitasa cha mlango alikwenda na mlango hatua kadhaa kabla ya kukumbuka kuachia.

Hakuna aliyecheka mara moja. Ilikuwa heshima, au ilikuwa mshtuko. Bi Nyamizi akasogea, akakunja goti.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Tangu kampeni hatujakuona mzima mzima namna hii."

Hapo ndipo kilima kilipocheka.

"Msimamishe!" Mheshimiwa alipiga kelele. "Msimamishe yule mwanamke! Afande! Anaiba gari la serikali!"

Mkuu wa polisi, aliyekuja na shangingi la pili, akatazama lori, lilikuwa limeshika mwinuko, polepole, gia kwa gia, na lile bodi likiruka ruka nyuma yake. "Anavuta, Mheshimiwa. Ana hati ya kuvuta."

"Futa hati!"

"Tukiifuta, Mheshimiwa, itabidi kuandika sababu. Na mahali iliposainiwa, na hali ya gari wakati wa kusaini."

"Basi mfuateni!"

"Kwa lipi?" Akaonyesha kwa mkono. Nyuma yalikuwa mashangingi sita, mawili yameungua klachi, manne hayawezi kupanda wala kugeuka. Mbele lilikuwa zege, limeziba njia yote, na Waziri juu yake.

Siwatu hakugeuka. Hakuwa na vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma. Tulimkuta juu machimboni ameshazima injini, anafungua mnyororo. Bodi tulilisukumia kando, lisije likatuzuia. Mchuuzi alikuwepo, amekaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, akaanza kutuuliza kulikoni. Bi Nyamizi akamwambia ainuke. Akainuka. Bi Nyamizi akaichukua ile ndoo, akaiweka chini ya lori kukinga mafuta, maana lilikuwa linavuja.

Hatukusherehekea. Tulipakia. Siku kumi na tatu tulikuwa na oda moja ambayo haikuwa imepelekwa, ya mjane mmoja wa mtaa wa upande wa pili wa kilima, Mama Tunu, anayejenga choo. Alikuwa amekwishachimba shimo, na watoto wake walikuwa wanaazima choo kwa majirani, na majirani walishaanza kununa. Tulijaza makarai mpaka lori likajaa, tukapanda juu ya kokoto, tukashuka kwa njia ya nyuma.

Tulimkuta Mama Tunu mlangoni, mikono kiunoni.

"Leo ndiyo mnakuja? Wiki mbili naamka naangalia njia! Mlikuwa wapi nyie?"

"Tusamehe, shoga," akasema Siwatu, akiteremka. "Tulikuwa tunaivuta serikali."

"Ilikwama?"

"Ilikwama."

"Ikatoka?"

Siwatu akafungua komeo la ubavu wa lori. "Juu imetoka. Chini imebaki palepale."

Mama Tunu akaguna, akasogeza ndoo zake. "Mwageni hapa," akasema, "karibu na shimo."